Asubuhi Bwana Mifugo Aliposhika Chuma

Nilimfahamu Boniphace Machage kwa miaka ishirini na sita, mpaka siku tuliyomzika, na sijapata kuona mtu aliyechukia chuma cha moto kama yeye. Alipoletwa Bugwema mwaka sabini na nne, kijana wa Kikurya aliyetoka chuo cha mifugo na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, kila boma hapa lilikuwa na kipande cha nondo kilichochongwa ncha. Ng'ombe akishikwa na ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, matezi ya chini ya masikio huvimba kama viazi. Watu waliyachoma kwa nondo mpaka ngozi inanuka, kisha wakakaa kusubiri. Walikuwa wanasubiri nini hata sijui, maana ng'ombe walikufa vilevile.

Boniphace hakugombana na mtu. Ndama wa kwanza kufa mbele yake alimpasua palepale uani, akawaita wenye boma waone mapafu yaliyojaa povu. "Ugonjwa upo huku ndani," akawaambia, "nyie mnachoma sikio." Wa kwanza kutupa nondo yake alikuwa mwanamke, Pelagia, ambaye sote tulimwita Mama Eufrasia. Wengine walimfuata mmoja mmoja, na wapo waliofuata wamenuna. Leonardi, jirani wa mama huyo, alikuwa wa mwisho kabisa. Wakachimba josho, wakasomba mawe na mchanga wenyewe, na kila Jumatano ng'ombe wakaogeshwa. Kazi hiyo ilimla Boniphace miaka kumi, lakini chuma kiliondoka Bugwema.

Mimi Stanislausi nilikuwa bwana shamba, na kazi yangu ilikuwa pamba. Tulitaniana kila siku. Yeye alisema sisi Wajita ng'ombe tunamjua akiwa ndani ya sufuria tu. Mimi nikamjibu kwamba Mkurya akiona pamba imepasuka hutafuta kibuyu akamue.

Baadaye hali ikawa mbaya. Dawa ya josho ikaanza kuja kwa kusuasua, kisha ikakoma. Tukaambiwa ni soko huria, mfugaji ajinunulie. Josho likajaa majani na vyura. Wakati huo Mama Eufrasia alikuwa mjane, na ng'ombe kumi na mmoja wa marehemu walishachukuliwa na wezi. Alibaki na mtamba mmoja mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, aliyetoka kwenye mahari ya binti yake Eufrasia. Huyo ndiye aliyetegemewa kuwa maziwa yake, jembe lake na uzee wake.

Kisha wakubwa wakakaa huko Dar es Salaam na wafadhili wao, wakaamua kuratibu utafiti na ugani nchi nzima. Neno zuri, kuratibu. Watafiti watatoa ujumbe mmoja, utashuka kanda, mkoa, wilaya, mpaka kijijini, na kila baada ya wiki mbili mkulima atapata somo lililopangwa, siku iliyopangwa. Na kwa kuwa pesa hazitoshi, bwana shamba na bwana mifugo watakuwa mtu mmoja, aitwe afisa ugani. Bugwema mtu huyo akawa Boniphace. Mimi nikapunguzwa kwa barua ya mistari sita, mmoja wa shukrani.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia na yeye, ingawa hakuwa na kosa lolote. Alikuja kwangu na kamba, akaomba nimfundishe nafasi za kupanda pamba. Nilimfundisha huku nimenuna: mstari hadi mstari sentimita tisini, shimo hadi shimo arobaini. Mtu aliyejua kumzalisha ng'ombe ambaye ndama amemlalia vibaya tumboni, akapiga magoti uani kwangu akifunga mafundo kwenye kamba kama mtoto wa darasa la pili.

Mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na mbili, siku ya Ijumaa, mtamba wa Mama Eufrasia akaacha kula. Boniphace akampapasa shingoni, akajua. Sindano ya ugonjwa ule ilikuwepo duniani, na kuichoma alijua. Jumamosi akapanda baiskeli hadi Musoma. Mkubwa wake hakumkaribisha hata kiti.

"Tiba sasa ni ya watu binafsi, Machage. Wewe kazi yako ni ujumbe. Na Jumanne wageni wa wafadhili wanakuja kuona somo lako, usije ukaniaibisha."

Akaenda mtaa wa Mukendo kwenye duka la dawa. Chupa aliiona ndani ya kabati la kioo. Bei yake ilikuwa mshahara wake wa mwezi mzima, na mshahara wenyewe haukuwa umetoka tangu Septemba. Akageuza baiskeli.

Jumanne asubuhi wakulima kama thelathini walikusanyika kwa Mama Eufrasia, maana shamba lake ndilo lililoteuliwa kuwa la mfano. Na mimi nilikwenda, nimwone anavyoiharibu pamba yangu. Mtamba alikuwa amelala nyuma ya nyumba, shingo ameinyoosha, anahema kwa mdomo.

"Bwana Mifugo, umepata dawa?" Mama Eufrasia aliuliza.

"Sikuipata, mama."

"Sasa umeniletea nini?"

Boniphace akaitazama kamba mkononi mwake. "Wameniambia nilete pamba."

Hakulia wala hakupiga kelele. "Ulikuwaga unakuja na sindano," alisema, akaingia jikoni. Tukamwona amechomoa fito ya chuma aliyokuwa akichochea moto, ncha imekuwa nyekundu.

"Mama Eufrasia, hiyo haisaidii. Unajua."

"Najua. Povu si ulinionyesha mwenyewe? Lakini siwezi kukaa tu namwangalia. Wewe unaweza?"

Akarudi kwa mtamba, akaishusha ncha, lakini ikakosa tezi ikaelekea jichoni. Boniphace akamnyang'anya kile chuma. Akachoma tezi la kushoto, akachoma la kulia, taratibu, kwa mkono uliozoea wanyama. Alikuwa analia. Na mimi niliyemnunia mwaka mzima nilijiona mpumbavu.

Hapo ndipo gari la wageni likaingia. Mwenye miwani akauliza kinaendelea nini, na kabla Boniphace hajajibu, mwenzake akadakia kwamba haya ndiyo maarifa ya asili yanayozungumzwa siku hizi. Wakafurahi. Wakampiga picha ameshika chuma. Somo la pamba likachukua dakika ishirini, kamba ikatandikwa, mafundo yakahesabiwa, na wageni wakaondoka kuwahi chakula Bunda.

Mchana mtamba akainuka, akajikongoja mpaka kwenye ndoo, akanywa maji. Watu wakapiga vigelegele. Boniphace akaninong'oneza, "Stanislausi, huyo anakufa." Alikufa Alhamisi. Tulikuwepo watatu tu: yeye, mimi na Mama Eufrasia. Wale thelathini walishakwenda zao na habari ya ng'ombe aliyeinuka.

Kabla mwezi haujaisha, kila boma lilikuwa na nondo yake tena. Boniphace alizunguka kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba, Jumapili akitoka kanisani hata chakula hakukumbuka. Kila alikoingia walimjibu neno moja: "Tulikuona." Kwenye fomu ya ofisi, mahali pa kuandika wakulima waliopokea ujumbe wa pamba, aliandika wanne, maana waliofuata kamba walikuwa hao tu.

Siku moja Leonardi alituita tukipita njiani. Alikuwa na ndama watatu zizini, kila mmoja ana vidonda vibichi chini ya masikio, nzi wamejaa. Alikuwa anatabasamu.

"Bwana Mifugo, hebu angalia. Nimeanzia kushoto kama wewe."

"Leonardi, yule mtamba alikufa."

"Si mlichelewa? Mimi nimewahi."

Boniphace aliegesha baiskeli, akaingia zizini, akawapapasa wale ndama mmoja baada ya mwingine, shingoni na begani, kisha akarudia tena. Hawakuwa na tezi lililovimba wala homa. Walikuwa wazima wote watatu.