Mkwe Aliyefuatilia Safari za Ndege

Kuna watu ambao ulimi wao unakwenda kwa miguu wakati wenzao wamepanda gari. Mmoja wao, kazini walimwita Taratibu, na jina likamkaa kama shati la kupimiwa. Ukimuuliza swali, kwanza alilitazama, akaligeuza, akalipiga pasi, ndipo akajibu. Na alipokuwa tayari, wenzake walikwisha kuhamia habari nyingine.

Kwa kazi yake hilo halikuwa kosa. Alikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha utafiti wa ndege, kando ya mabwawa ya majitaka ya mji. Wenye pua zao hawakufika huko, lakini wadudu walizaliwa kwa mamilioni, na ndege wanaohama kutoka nchi za baridi walipaona kama hoteli. Taratibu alitega nyavu kwenye matete, akawanasua walionaswa bila kuvunja hata unyoya, akawapeleka mezani kwa mkuu wa kituo, mwanamke aliyeitwa Daktari, daktari wa vitabu, si wa sindano. Hapo walipimwa, wakavishwa pete ndogo yenye namba mguuni, wakaachiwa waende zao.

Matatizo yalianzia kwenye chai. Mchumba wake, msusi mwenye saluni ya viti viwili, alimpeleka kwao kumtambulisha. Mama yake msusi alikuwa mshona sare za shule, mtu wa kukupima kwa macho kabla hajagusa futi. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nafuatilia safari za ndege, Mama."

Sentensi hiyo ilimchukua muda. Alikuwa anaiandaa ya pili, yenye manyoya ndani yake, lakini mama alikwisha kumjazia kikombe mpaka ukingoni. Zinatoka wapi? Wanatoka Ulaya, akajibu, na wengine Asia. Hapa zinafuata nini? Wanashuka kujaza mafuta, kisha wanaendelea kusini. Mama alisema "zinatoka", yeye akasema "wanatoka", na kila mmoja kwa adabu akamsamehe mwenzake sarufi. Na yote yalikuwa kweli tupu, maana ndege wa safari ndefu hujiwekea mafuta chini ya ngozi ya tumbo. Mama akateremsha sauti, akauliza kama ajali ni nyingi.

"Nyingi," akasema Taratibu kwa huzuni ya dhati. "Wengi hawafiki."

Mama akaweka kikombe chini. Msusi aliporudi na sukari kutoka jikoni, alimkuta mama yake anamtazama mgeni kwa heshima ambayo hata marehemu baba hakuwahi kuionja.

Njiani, alipopata habari kamili, msusi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia mkosaji alitengue kosa lake mwenyewe, yeye hayumo. Taratibu akakubali, akaanza kuitunga sentensi ya kumsahihisha mama. Alipoimaliza, mtaa mzima ulikuwa unamwita Rubani, na kinyozi wa jirani alikuwa anamuulizia tiketi za bei nafuu. Kila alipoanza, "Mama, kuhusu ile kazi," mama mkwe alimkata: asijisumbue, mambo ya usalama anayaelewa.

Ndipo likazuka la mama mkubwa, dada yake mama mkwe. Binti yake alijifungua ng'ambo, akamtumia tiketi, na mama mkubwa akagoma kupanda kitu kisichogusa ardhi. Mama mkwe hakuwa mtu wa mabembelezo. Aliamua kumpeleka dada yake kazini kwa mkwe, akaiguse ndege ikiwa imetulia chini, amzoee adui. Hawakuaga mtu. Walivaa nguo za kutokea, wakakodi teksi, wakaagiza wapelekwe kwenye utafiti wa ndege. Dereva akaitikia tu. Alikwisha kumpeleka Daktari huko mara kadhaa. Harufu ilipoanza kuingia dirishani, mama mkubwa aliziba pua. Dada yake akamweleza kwamba hayo ndiyo mafuta ya ndege.

Nyavu za kituo ni nyembamba hivi kwamba hata aliyezitega huzitafuta kwa mkono. Mama mkubwa alitangulia kwenye kijia cha kati ya matete, akiwa na hasira ya mtu anayetaka yaishe, akaingia wavuni mzima mzima. Alipojaribu kurudi nyuma, hereni ikanasa. Akainua mkono kuiokoa hereni, bangili nazo zikanasa. Mama mkwe akabaki anamzunguka, asijue avutie wapi.

Taratibu akatokea, akikagua nyavu. Alimwona mama mkwe, akamwona mama mkubwa, na mbele ya pua ya mama mkubwa kalining'inia kandege ka rangi ya majani makavu. Wawili hao walikuwa wanatazamana.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka wavuni.

Alianza na kandege, akakaweka katika kifuko cha kitambaa. Kisha akamgeukia mkubwa, akautafuta uzi ulioingia mwisho ili autoe kwanza, huku akinong'ona yale maneno anayowatulizia ndege wakorofi. Kazi hiyo haitaki pupa, na mama mkubwa hakuwa na pa kwenda. Kwa mara ya kwanza Taratibu alipata msikilizaji asiyeweza kubadilisha mazungumzo, basi akasema. Kwenye hereni alieleza ndege wenyewe ni akina nani. Kwenye bangili akaeleza mafuta. Alipofika kwenye kilemba alikuwa kwenye ajali: jangwa, dhoruba, na mabwawa yanayofukiwa kujengwa maghala, mpaka msafiri anashuka amechoka na hoteli haipo.

Mama mkwe alisikiliza yote. Aliwafuata hadi mezani, viatu vikinyonywa na tope. Daktari, akidhani ni wageni wa halmashauri, akawapa viti. Akakapuliza kandege tumboni, manyoya yakaachana, mafuta ya manjano yakaonekana. Uzito wake haukuzidi vijiko viwili vya sukari. Taratibu akachukua koleo, akakavisha pete.

Mama mkwe akavitazama vile vidole.

"Kwa hiyo wageni wote wa Ulaya umeshawavisha pete," akasema. "Binti yangu ndiye bado unamfikiria."

Taratibu akafungua mdomo. Daktari, aliyemjua, akawahi kujibu kwa niaba yake: msimu unakwisha karibuni, na likizo anayo.

Mama mkubwa aliomba kukaachia kandege yeye mwenyewe. Kalitulia kidogo kiganjani mwake, kisha kakaondoka, naye akabaki anatazama mbingu ambako hakukuwa tena na kitu. Akauliza kanasafiri na nani. Peke yake, akaambiwa, tena gizani, na mwaka wa kwanza kanasafiri bila mama na bila kujua kanakokwenda. Akafikiri. Akasema basi naye atapanda, ila dirishani hakai.

Alipanda, na harusi ikafanyika aliporudi, kwa sharti la mama mkwe kwamba bwana harusi aoge mara mbili. Mtaani mama mkwe alitangaza mwenyewe kwamba mkwe wake ni wa ndege wenye manyoya, lakini mtaa ukishatoa jina haurudishiwi. Namba ya simu ya Daktari aliichukua siku ileile mezani. Tangu hapo humpigia kila asubuhi kumwarifu ndege gani ametua kwenye kamba yake ya nguo, ana rangi gani na anaonekana ametoka mbali kiasi gani. Daktari husikiliza kwa adabu, akashukuru. Mpaka sasa ni njiwa yuleyule wa jirani.