Kidole Gumba cha Tatu

Jamani, nilimkuta marehemu kwenye ukuta wa sebule ya watu.

Kazi yangu ni kupiga nakshi kwenye kuta za jipsam. Unapaka tope la jipsam, na kabla halijakauka unalizungusha kwa brashi mpaka litoke mapinde mapinde. Alinifundisha baba. Nilipokuwa na miaka tisa, rafiki yake alikuja kutuambia baba amefia kazini, mbali, na huko huko wamemzika. Mama alilia mpaka machozi yakamkauka. Hakuolewa tena.

Sasa juzi nikaitwa na dada mmoja. Bomba limevuja, ukuta umeoza chini karibu na mlango, anataka kiraka kisichoonekana.

Nikautazama ule ukuta, nikaweka ndoo chini.

Mapinde yote yalilala upande ninaolaza mimi. Hivyo hupiga mtu wa mashoto. Mimi si mashoto, ila nakshi naipiga kwa kushoto kwa sababu ndivyo nilivyomwona baba akifanya. Mafundi wenzangu hunicheka hadi leo.

Nikachungulia nyuma ya mlango. Baba akimaliza chumba alikuwa anabonyeza kidole gumba pale chini, kwenye tope bichi, halafu ananiambia, "Na wewe weka chako."

Vilikuwepo viwili. Kikubwa na kidogo.

"Hicho kidogo changu," dada akacheka. "Nilikuwa na miaka sita. Baba ndiye aliyepiga nyumba nzima."

"Yuko wapi?"

"Yupo ndani. Siku hizi haoni."

Nilikipiga kile kiraka kwa ustadi kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Mwishoni nikabonyeza kidole changu kwenye tope bichi la kiraka, kando ya vile viwili. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: aniite mwanangu. Nilikuwa tayari kusamehe yote.

Tope lilipoanza kushika, mzee akatoka akipapasa ukuta.

"Shikamoo, mzee." Sikuthubutu kumwita baba.

"Marahaba."

Kiganja kikapita juu ya kiraka. Kikasimama. Akachuchumaa, vidole vikaenda nyuma ya mlango, vikahesabu. Kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Akainuka.

"Huyu hajui kazi," akasema. "Kikwanguliwe. Aitwe fundi mwingine."

"Baba! Mbona kimefanana kabisa?"

"Nimesema kikwanguliwe!" Sauti ilikuwa inatetemeka.

"Mwache, dada," nikasema. "Mzee anasema kweli. Aliyenifundisha hakumaliza."

Nikachukua mwiko, nikakikwangua kiraka pamoja na kidole changu kwa mkono wangu.

Nyumbani mama akaniuliza, "Kazi imekwendaje, mwanangu?"

"Wameikataa, mama."

Nimwambie nini? Miaka yote hii amejiona mjane, na watu wamemheshimu kwa ujane wake. Leo nimgeuze mke aliyetupwa?

Ndugu zangu, msiba wa maiti msiyoiona msiuamini haraka. Na wewe baba uliyejificha mahali unasoma hapa: jina utabadili, nyumba utabadili, hata mtoto utamkana. Mkono wako utakuumbua.