Dobi Anayehesabu kwa Mashati

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa, Bi Pasi amekwisha kuyapepea makaa mpaka yamekuwa mekundu pasipo moshi. Anayachukua kwa koleo moja moja, anayatia ndani ya pasi ya chuma, anafunga kifuniko, kisha analowesha ncha ya kidole na kuigusa pasi chini. Inalia kidogo. Anaridhika.

Mezani, juu ya blanketi kuukuu lililofunikwa shuka nyeupe, limelazwa shati la kwanza la siku. Anaanza na kola, upande wa ndani, kutoka pembeni kuelekea katikati, kama alivyofunzwa. Nyuma yake pana pazia, na nyuma ya pazia pana kitanda. Hajafika kwenye mikono ya shati, sauti inatoka huko.

"Imepoa hiyo."

"Baba, ndiyo kwanza nimeitia makaa."

"Nasikia inavyoburuta. Pasi ya moto inateleza. Hiyo unamkwaruzia mtu shati lake."

Anafungua kifuniko. Makaa yamevaa jivu. Anayapuliza, anafunga, wala hasemi neno, kwa kuwa kukiri kungempa mzee ushindi wa pili kabla ya chai. Wa kwanza aliupata alipomwambia kuwa mvua haitanyesha, na kweli haijanyesha.

Mzee huyo, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Kola, ana umri wa miaka sabini na mmoja, na arobaini na minne kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki cha udobi. Miezi saba iliyopita madaktari walimkuta na saratani ya ini. Hawakuficha. Walisema haitapona, na kwamba kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu.

Tangu siku ile bintiye, mjane wa miaka thelathini na tisa mwenye mabinti wawili wanaosoma, anafua, anapiga pasi, anauguza, na anaibeba bajeti ya nyumba peke yake.

Bajeti hiyo haihesabu kwa fedha. Anaihesabu kwa mashati.

"Baba alinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa," anasema huku mkono hausimami. "Alisema fedha inadanganya, leo ina nguvu, kesho haina. Lakini shati ni shati. Ukijua kitu ni mashati mangapi, unajua mgongo wako utauma kiasi gani."

Kwa hesabu hiyo, kodi ya chumba ni mashati mia moja na themanini kwa mwezi. Chakula ni mia mbili na thelathini. Makaa, sabuni na maji ni mia moja na arobaini, na ada ya mabinti ni sitini. Dawa ya maumivu ya mzee ni mashati arobaini kwa chupa, na chupa haimalizi siku nane. Zamani alipiga pasi mashati arobaini na matano kwa siku. Sasa, kwa kuwa lazima aache pasi ili amgeuze mzee, amwoshe na kumlisha uji kwa kijiko, akijitahidi sana anafikisha thelathini, siku ishirini na sita za kazi kwa mwezi. Mwisho wa mwezi hubakiwa na kumi.

"Kumi," anarudia, na kucheka. "Mtu akichelewa kulipa mashati yake kumi, basi mwezi huo nimekwisha."

Hakuzoea maisha ya namna hii. Anakumbuka enzi ambazo chumba hiki kilikuwa na watu wanne kazini na foleni mlangoni. Zilikuwa zama ambazo mwalimu asingethubutu kusimama mbele ya darasa na kola iliyolala, na karani aliona haya kukutwa na suruali isiyo na mkunjo. Hata leso zilipigwa pasi. Leo wengi huvaa nguo zisizojua moto wa pasi, wala hawaoni kuwa wamepungukiwa na kitu.

Jumapili asubuhi, anasimulia, palikuwa na harufu yake: makaa, wanga uliochemka, na pamba yenye joto. Yeye alikuwa akikaa chini ya meza hii hii, kwa kuwa ndipo penye uvuguvugu, akitazama miguu ya baba yake ikienda hatua mbili kushoto na hatua mbili kulia, kama mtu anayecheza ngoma ya polepole. Marehemu mama yake alisimama upande wa pili. Alikuwa akijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo, yakashuka kama ukungu. Baba akimchekesha makusudi, maji yalimwagika yote mahali pamoja, na shati likarudi kwenye kamba.

"Alikuwa anafanya kusudi kila Jumapili," anasema Bi Pasi. "Na mama kila Jumapili alikuwa anakasirika kana kwamba ni mara ya kwanza."

Ni mzee pia aliyeanzisha desturi ya koti. Ni koti la kijivu alilofungia ndoa, lenye mifuko mitano: miwili ya nje, mmoja wa kifuani, na miwili ya ndani. Mfuko mmoja ulikuwa wa kodi, wa pili wa chakula, wa tatu wa makaa na sabuni, wa nne wa ada, na wa ndani kabisa, wa kushoto, ulikuwa wa akiba. Hakuna mfuko ulioruhusiwa kukopa kwa mwenzake. Koti lilitundikwa mwisho wa safu ya nguo za wateja, hadharani, kwa sababu mwizi hufungua makasha na kupekua magodoro, lakini hakuna mwizi anayekwenda kwa dobi kuiba koti kuukuu.

Kwa miaka thelathini desturi hiyo haikupata doa. Ugonjwa ulipoingia, koti halikuwa na mfuko wa sita.

Katika mfuko wa akiba palikuwa na thamani ya mashati elfu moja mia moja na ishirini. Na fedha hiyo ilikuwa ikiitwa na pande mbili.

Upande mmoja alikuwa mwenye nyumba. Mkataba wa chumba umeandikwa kwa jina la Mzee Kola. Mwenye nyumba alisema waziwazi kwamba anamheshimu mzee, lakini baada yake chumba kitakwenda kwa mwenye kulipa. Muuza simu mmoja alikwisha kuja na utepe wa kupimia, akapima ukuta huku mgonjwa anamsikia. Njia ilikuwa moja: kodi ya miezi sita ilipwe kwa mkupuo, yaani mashati elfu moja na themanini, na mzee mwenyewe, akiwa hai na akili zake, asaini kumhamishia bintiye mkataba.

Upande wa pili alikuwa kaka yake Bi Pasi, mzaliwa wa kwanza, aliyeajiriwa katika mji mwingine. Yeye alitaka mzee apelekwe hospitali kubwa, safari ya siku mbili. Gharama ilikuwa mashati elfu moja na mia tano. Yeye angetoa mia nne, akiba itoe yaliyobaki. Daktari alipoulizwa alijibu kwamba mzee angesafiri kwa maumivu makali ili apate, pengine, wiki chache.

Kaka hakutaka kusikia habari za pengine. Alimwambia dada yake kwa simu, "Wewe unakipenda chumba kuliko baba." Neno hilo lilimkaa. Kwa wiki tatu, anasema, aliogopa hata kulitazama koti.

Lililoamua jambo halikuwa yeye wala kaka. Lilikuwa beseni.

Shangazi yake, dada wa Mzee Kola, alikuja kusaidia kuuguza. Naye alikulia katika kazi hii. Kwa madobi wa nyumba hii, nguo iliyokwisha kufuliwa hufungwa uzi wa rangi kwenye tundu la kifungo. Isiyo na uzi bado haijafuliwa. Asubuhi moja Bi Pasi akiwa kisimani, shangazi, asiyejua habari za koti, akaliona katika safu, halina uzi. Hakupekua mifuko, maana katika nyumba hii mifuko hupekuliwa mlangoni nguo inapopokelewa, na kupekua mara ya pili ni kumwona mwenzako mwizi. Akaliloweka, akalitia sabuni, akalifikicha kwa bidii ya mtu aliyekuja kusaidia.

Bitana ilikuwa imeoza. Mifuko yote mitano ikaachia kwa pamoja.

"Nilimkuta shangazi amekaa chini, miguu ameinyoosha, noti zinaelea," anasimulia. "Ananiambia, mwanangu, mteja huyu ni tajiri."

Hakulia, kwa kuwa noti zilizolowa hazingojei. Akaziokota, akazitandaza juu ya blanketi, akazifunika kwa kitambaa chembamba, akapunguza makaa, akaanza kuzipiga pasi moja baada ya nyingine. Sauti ya pasi ikafika nyuma ya pazia. Kisha mzee akauliza, "Unapiga nini pasi? Hiyo si nguo."

Ikambidi aseme. Mzee akaamuru pazia livutwe. Alipoziona zile noti zimepangwa kama leso za watoto, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka shangazi akaja mbio na maji, naye akaendelea kucheka ndani ya kikombe.

Alipotulia aliomba anyanyuliwe, aegemezwe mito, na fedha yote imwagwe juu ya shuka, mbele yake. Akasema noti hizi zimesahau zilikuwa za mfuko gani, basi zipangwe upya na aliyezipanga mwanzo. Akahesabu kwanza mashati elfu moja na themanini, polepole, akalamba kidole, akayaweka upande wa bintiye. Kisha akatenga kodi ya mwezi ule, chakula, makaa na ada. Kisha dawa.

Bi Pasi akamuuliza, "Na ya hospitali?"

Mzee Kola humwita bintiye "Mama," kwa kuwa alimpa jina la mamake mzazi. Alimjibu, "Mama, kola ikichakaa unafanyaje?"

"Naifumua, naigeuza."

"Mara ngapi?"

Bi Pasi akaanza kuzisawazisha noti zilizobaki.

"Mara moja," mzee akasema. "Upande wa pili ukiisha, hakuna wa tatu. Mimi niligeuzwa mwaka juzi, nilipolazwa. Nimeuvaa upande wa pili vizuri tu. Usinitafutie wa tatu kwa fedha ya watoto."

Bi Pasi alimkasirikia baba yake siku mbili nzima, akimlisha na kumwosha bila kumtazama usoni. Siku ya tatu mzee aliitaka simu, akazungumza na mwanawe wa kiume yeye mwenyewe. Kaka alidai kwamba mzee amelishwa maneno. Mzee alimwambia kwamba mgonjwa ni yeye, na kwamba zile fedha alizotenga kwa hospitali azitumie kuja nyumbani angali na macho ya kumwona.

Kaka alikuja. Alikaa siku nne kando ya kitanda. Siku ya kwanza hakusema na dada yake. Siku ya pili aliomba apige pasi japo kitu kimoja, kama zamani, akapewa leso, akaiunguza.

Sauti ya mzee ikatoka nyuma ya pazia: "Nasikia harufu. Ndiyo maana nilikupeleka shule."

Wote watatu, anasema Bi Pasi, walicheka wakiwa pande mbili za pazia, na hapo ndipo walipopatana. Kabla ya kuondoka, kaka alilipia chupa sita za dawa. Kwa hesabu ya nyumba hii ni mashati mia mbili na arobaini, siku nane za kusimama mezani ambazo dada yake hatazisimama.

Sasa inangojewa Alhamisi. Mwenye nyumba amekubali kuja na mkataba mpya. Alishauri kwamba, kwa hali ya mgonjwa, dole gumba lingetosha. Mzee Kola alikataa. Alisema ameandika jina lake kwa mkono wake tangu darasa la pili, wala hataanza leo kupakwa wino kama gunia. Tena mkataba hausainiwi mtu akiwa amelala; atasogezwa mezani, aketi.

Kila asubuhi, akiisha kunywa uji, hufanya mazoezi. Bintiye humpa penseli na kipande cha karatasi ngumu, ile inayotoka ndani ya mashati mapya. Herufi ya kwanza hutoka imara. Ya tatu hutetemeka. Ya mwisho mara nyingine haifiki. Hukitazama kipande kwa macho makali, kama atazamavyo kazi ya mwanafunzi mzembe, kisha huomba kingine.

Bi Pasi naye ana mpango wake. Mkataba ukisainiwa, atakwenda kwa mkuu wa shule ya jirani kuomba kazi ya sare za bweni, mashati mia mbili kwa wiki, na atamwajiri mtu wa kumsaidia. Amekwisha kuchagua mahali pa kuweka meza ya pili. Lakini hayo, anasema, ni ya baadaye.

"La Alhamisi nimelipanga peke yake," anasema, akiikunja mikono ya shati kuelekea mgongoni. "Dawa nikimpa mapema, analala. Nikimchelewesha, anaumwa, mkono hautulii. Nimemwangalia wiki mbili hizi. Nikimpa saa mbili asubuhi, ikifika saa nne yuko macho na haumwi. Inakaa hivyo kama nusu saa, halafu inaondoka."

Analiweka shati juu ya mengine, analisawazisha kwa kiganja.

"Nimemwambia mwenye nyumba aje saa nne kamili. Nimemwambia asichelewe."