Fahali wa Baba na Swali la Mwalimu Kibiwott

Umewahi kuona mtu akishangilia fahali wa kwao akipigwa? Tena mbele ya babake na ukoo mzima?

Basi Navalayo alifanya hivyo pale Iguhu, mwaka wa sitini na tano. Ni kukhu wangu, mamake mama, na hadi leo akiisimulia anashika kichwa.

Shida ilianzia darasani. Navalayo ndiye aliyekuwa msichana pekee kwenye fizikia. Alitaka kusomea umeme, hakutaka kusikia lingine. Mwalimu Kibiwott akamwambia peupe: mtihani wa Jumatatu ukikushinda, unahamia ushonaji.

Na kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja tu.

"Ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani ileile," mwalimu alisema. "Haipungui, haizidi."

"Na fahali wawili wakisukumana, mwalimu?"

"Kani ni sawa."

"Sasa mmoja anashindaje?"

Darasa likaangua kicheko. Kibiwott akapiga meza. "Navalayo, andika tu!"

Andika tu! Huyu ni binti wa mzee Bramwel, mwenye Rungu, fahali aliyekuwa akirudisha wenzake nyuma kama mtu anayefunga mlango. Umwambie Rungu anasukumwa sawa na anavyosukuma? Ebo!

Alirarua karatasi, akalia, akaanza upya. Wapi! Hesabu anaiweza, lakini moyo umekataa.

"Kubali tu, dada," Protus, jirani yake wa dawati, akamwambia. "Hata mimi sielewi, na ninapita."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jumamosi asubuhi, siku ya pambano la fahali, ngoma za isukuti zikalia. Mvua ilikuwa imenyesha. Rungu ameshiba machicha ya busaa, ile pombe ya kienyeji, anakwaruza ardhi, wajomba wanaruka. Mpinzani wake kutoka Shinyalu alikuwa mwembamba, watu wakamcheka wazi.

Wakashikana pembe kwa pembe. Rungu akasukuma, lakini kwato zake zilikuwa kwenye tope. Yule mwembamba alikuwa amesimama juu ya changarawe.

Kila Rungu alipojikaza, alijitelezesha nyuma mwenyewe. Mwishowe akageuka, akatimua mbio.

Wajomba wakaacha kuruka. Halafu sauti moja:

"Ni miguu! Si pembe, ni miguu! Nimepata!"

Navalayo huyo, anaruka na vigelegele juu. Kule kwenye pembe kani zilikuwa sawa kweli. Tofauti ilikuwa chini: mmoja ardhi ilimshika, mwingine ikamwachilia.

"Mtoto wangu mwenyewe!" mzee Bramwel akanguruma. "Unatucheka?"

"Baba, sicheki, ni fizikia..."

"Kumbe fizikia ndiyo imemroga Rungu!"

Jumapili ingokho, yaani kuku, ikapikwa, yeye akapewa mchuzi mtupu. Hakuna aliyemsemesha.

Jumatatu akafungua mtihani, akatafuta fahali, mkokoteni, chochote cha kusukumana. Hakuna!

Badala yake: chaji kubwa na chaji ndogo za umeme zinasukumana. Ipi inasukumwa kwa kani kubwa zaidi?

Alitaka kulia. Aki amekosanishwa na babake bure? Akasoma tena, polepole. Kisha akacheka peke yake. Si ni Rungu na yule mwembamba tu!

"Kani ni sawa," akaandika, na sababu chini yake.

Wenzake wote, wale wa kukariri maneno ya mwalimu kila siku, Protus akiwa mbele, waliandika kwamba ile ndogo ndiyo inayosukumwa zaidi.

Kibiwott alimrudishia karatasi bila tabasamu. "Ushonaji umekukosa," akasema.

Lakini nyumbani baba alikuwa bado amenuna. Mpaka jioni moja kabla ya pambano lingine, akaja jikoni, akakohoa, akasimama mlangoni.

"Wewe mtu wa fizikia. Kesho Rungu tumwingize upande gani wa uwanja?"

Kukhu akifika hapo hufuta machozi, sijui ni ya kicheko au ya nini. Kisha hutuambia: "Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Wacha wacheke. Walionicheka darasani ndio walioanguka."