Saa Zilizolala Ukutani kwa Mama

Gundi ya unga wa muhogo ikichemka hutoa harufu ya uchachu kidogo, na mimi hadi leo nikiisikia huumwa na njaa. Mama aliipika kila Ramadhani ikielekea ukingoni, nasi watoto tumefunga, au tunajidai tumefunga. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa ya udongo na paa la madebe, na kila mvua zilipopita kuta ziliacha nyufa. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Uzunguni, naye hupewa zawadi ya magazeti ya picha yaliyokwisha kusomwa. Mama akazibia nyufa kwa kurasa hizo ili Idd itukute tumependeza. Alichagua ukurasa kwa kuupima na ufa. Picha iliyomo haikumhusu.

Mwaka huo ufa mkubwa ulikuwa ukumbini, mkabala na mlango, na ukurasa uliotosha ulikuwa na mchoro wa ajabu. Ufukwe mtupu, mti mkavu, na saa zilizolegea kama chapati. Moja imeanikwa kwenye tawi, nyingine inateleza mezani, ya tatu imelala juu ya kitu mfano wa uso uliofumba macho. Ya nne ilikuwa na kifuniko, nayo imejaa sisimizi. Mimi na Zena, rafiki yangu wa nyumba ya pili, tulicheka hadi tukasahau swaumu.

Sasa, babake Zena, Bwana Mfaume, ndiye pekee mtaani kwetu aliyekuwa na saa. Saa ya mfukoni, ya kifuniko. Kila apitaye kwenda sokoni humwamkia pale barazani kisha humuuliza saa, naye huitoa taratibu, akaifungua, akatazama juu, akatazama chini, akataja. Tulijivunia mtu huyo. Mitaa mingine walikuwa wakibahatisha tu.

Mkewe, Bi Tatu, akaja siku moja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipouona ukuta alisimama kama aliyemwagiwa maji. Lazima mjue, Kariakoo ile jirani akianika kanga mpya kambani, ulisoma maneno yake ukajiuliza kamlenga nani. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Bi Tatu akaligangua lile la ukutani palepale.

"Nani kakwambia saa ya mume wangu imekufa?" akasema.

Mama, gundi mikononi, akauliza, "Imekufa?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maskini Bi Tatu, siri aliyoificha miaka yote kaitoa mwenyewe, na wapangaji wa nyumba nzima wako ukumbini wanasikiliza. Aliondoka bila mbuzi. Kabla ya magharibi Zena alikuwa kakatazwa kuvuka kizingiti chetu, na gauni lake la Idd, lililokatwa kitambaa kimoja na langu ili tutembee viwanja vya Mnazi Mmoja tukiwa sare, ikasemwa litabadilishwa. Nililia, sisemi uongo, nililia mpaka kwikwi. Nilimsihi Mama aubandue ukurasa. Akakataa katakata, akasema akiubandua atakuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Mama naye alikuwa na kiburi chake.

Siku ya ishirini na tisa, alasiri, Bwana Mfaume akaingia mwenyewe, mkewe nyuma yake kanuna. Baba alikuwa amesharudi kutoka kazini, na uso wake ulionyesha anatarajia ugomvi. Mgeni hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaitoa saa yake, akaifungua, akaishika kando ya ile ya sisimizi. Akaitazama hii, akaitazama ile. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe hata Ulaya zinalala," akasema. "Mimi nilidhani ni yangu peke yangu."

Akatusimulia mwenyewe kwamba ilikufa mwezi wa pili tangu ainunue, na kwamba yeye husoma kivuli cha paa na kusikiliza adhana. Bi Tatu akaficha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na Mama akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kesho yake alfajiri imekwisha, Baba akiwa njiani kwenda kazini, alisimama mbele ya baraza ile na kuuliza kwa sauti saa ngapi. Bwana Mfaume akafungua kifuniko, akatazama kivuli, akamwambia kumi na mbili na nusu. Baba akashukuru na kukaza mwendo. Wote waliofuata wakauliza vilevile, na hakuna hata mmoja asiyejua kuwa saa imekufa. Idd ilipowadia, Zena na mimi tulikuwa Mnazi Mmoja, mkono kwa mkono, tumevaa sare.

Leo kila mtu Dar es Salaam ana saa ndani ya simu, na hupita mlangoni kwangu bila kuuliza kitu. Juzi mjukuu wangu kaniletea kitabu cha chuoni, na humo nikaikuta picha ileile, kumbe ni mashuhuri duniani. Akanisomea maelezo ya wataalamu: ndoto, mauti, wakati unaoyeyuka, sisimizi kama ishara ya kuoza. Nilisikiliza kwa adabu. Aliponiuliza mimi naona nini, nikamwambia namwona mwanamke aliyekuja kuazima mbuzi ya nazi, anayempenda mumewe.