Alhamisi Anayoikimbia Papa Rachidi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia. Ukungu bado umelalia kijito, na redio ya Rachidi Amisi tayari inapiga kelele. Ameitundika kwenye uzio wa kitalu cha miti na kufungulia sauti yote. Matangazo ya sabuni, mahubiri, mpira wa juzi, yeye hajali. Anainama kati ya matuta, anang'oa magugu kwenye vifuko vya miche, kimoja baada ya kingine, na redio ikikwaruza tu anaacha kazi na kuikimbilia.

"Papa Rachidi, utatuua masikio!" anamfokea Françoise, mama anayejaza udongo kwenye vifuko. "Ata Mungu hatasikia maombi yetu na hii makelele yako!"

Wafanyakazi wote wanacheka. Rachidi naye anacheka, ila sauti haipunguzi.

Ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kulea miche ya mikaratusi na miparachichi mpaka iwe na nguvu ya kwenda shambani kwa watu. Analipwa faranga elfu nane kwa siku, na siku ya mvua kubwa hakuna kazi wala malipo. Amepanga chumba kimoja na bintiye wa pekee, Safi, mwenye miaka kumi na tisa, anayejifunza kushona.

Ukimuuliza habari ya redio, hazunguki. "Niko naogopa kimya," anasema. "Zamani kimya ilikuwa chakula yangu. Sasa ikikuya, inaniuliza mama ya Safi iko wapi."

Miaka sita iliyopita Rachidi alikuwa mkulima upande wa Djugu, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka Bunia. Familia za Waislamu kijijini zilikuwa tatu tu. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba mtu akishasali asikimbilie kuondoka, akae kimya aangalie kazi ya mikono ya Mola wake. Basi kila Alhamisi, baada ya Alasiri, Rachidi alizima simu, akapanda kilima nyuma ya nyumba na kuketi kwenye mikaratusi yake mpaka Magharibi. Alitazama siafu, mawingu na nyasi zinavyolala upepo ukipita. Mara mojamoja alisema "Subhanallah", basi.

"Kule nilikuwa najisikia Mungu iko karibu," anasema. "Karibu sana, mupaka naona haya."

Majirani Wakristo walimtania kwamba muzee anaongea na miti. Lakini mtoto wao akishikwa na homa, walikuja wenyewe kumwomba alipeleke jina lake huko juu.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Watu wenye silaha waliingia saa kumi na moja jioni kwa barabara ya chini. Mkewe, Mwamini, alimpigia simu mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa, kama kawaida ya siku hiyo. Majirani walikuwa wameshaanza kukimbilia migombani, na mmoja wao, Donatien, alimshika Safi mkono. Mwamini akatua mzigo wake chini, akageuka kuelekea kilimani kumwita mumewe.

Maskini, Rachidi alikuwa ameshasikia risasi. Alishuka mbio, lakini si kwa njia aliyoifuata mkewe. Alikata katikati ya shamba la muhogo ili awahi nyumbani.

"Yeye anapanda, mimi nashuka," anasema. "Labda mita mia moja kati yetu. Muhogo ilikuwa mirefu, hatukuonana."

Alimkuta kesho yake, ameshakufa kando ya njia ya kilimani. Maji ya kumwoshea hayakupatikana, wala sanda. Alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe. Donatien alirudi naye na kuchimba kaburi, huku milio ya risasi ikisikika ng'ambo. Rachidi aliposimama kumsalia, aligeuka akamwona Donatien, ambaye ni Mkatoliki, amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Nikamuuliza, weye unafanya nini? Akasema, 'Hautamusalia peke yako. Mi sijui maneno, lakini nitasimama.'"

Rachidi anajifuta uso kwa mkono wenye udongo, na udongo unabaki shavuni.

Tangu siku hiyo hajaacha swala hata moja. Ila akishatoa salamu tu, huyo, ameshainuka. Imamu alimweleza habari ya kadari, naye akaitikia. "Nakubali na kichwa, roho inakataa," anasema. "Nilikuwa nimekaa na Mungu, na bibi yangu akakufa ananitafuta. Nitakaa naye tena namna gani?"

Miezi miwili iliyopita, Alhamisi, Safi alimfuata babake kitaluni wenzake walipokwisha kuondoka. Akazima redio bila kuomba ruhusa. Kuna neno alilolificha miaka yote sita, akidhani litamuumiza zaidi. Jioni ile ya kukimbia kijijini, jirani mmoja alimpigia mamake kelele, "Acha ule muzee na miti yake, kuya tukimbie!"

"Mama hakukasirika, Papa," Safi akamwambia. "Nilimuona uso. Alisema, 'Kila juma anatushukishiaka amani. Leo acha mimi nipande nimuchukue.'"

Rachidi alilia mpaka mkono wa shati ukalowa. Alipotulia, binti akamwomba amfundishe kuketi. Walienda mwisho wa kitalu, karibu na kijito, wakakaa chini. Siku ile ya kwanza Rachidi hakumaliza hata muda wa kuchemsha chai, akainuka. Juma lililofuata akaongeza kidogo. Sasa anafika nusu saa, na machozi yapo bado.

"Ule ukaribu wa zamani, bado," anakiri. "Nasikia maji tu, na mutoto wangu anapumua. Lakini sikimbiake tena."

Barabara ya kwao haijawa salama. Donatien, ambaye naye ni mkimbizi hapa mjini, amesikia kwamba kilima chote kimeota nyasi ndefu. Hata hivyo wamekubaliana: siku njia ikifunguka wataenda watatu, watafute mawe matatu waliyoyaweka pale kaburini, na Rachidi ataketi kando yake kuanzia Alasiri mpaka Magharibi.

Anaulizwa atamwomba Mungu nini siku hiyo. Anatikisa kichwa. Kwanza atazungumza na Mwamini.

"Nitamuambia, 'Mama Safi, ulikuya kuniita. Niko hapa. Nilikawia.'"