Mahindi ya Kuku Nyuma ya Mlango

Iko siku moja ya mwezi wa pili, mwanangu, ambayo kila nikiingia stoo huingia nami. Jumamosi iliyopita iliingia nami katika stoo yako. Ulikuwa umenishika mkono ukinionyesha makopo yako: unga huku, mchele huku, maharage kila rangi na kopo lake. Nilikusifu, na sikukusifu kwa uongo. Halafu nikaona kiroba nyuma ya mlango, nikauliza ni nini. Ukacheka. "Ah, hayo ni mabovu, Mama. Ya kuku."

Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa sebuleni. Nimejuta tangu siku hiyo. Sasa kaa nikueleze taratibu.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, huku Nakwa. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Safari kwa jina la mume wangu, alishuka na desturi zake kutoka milima ya Mbulu. Stoo yake ilikuwa chumba kidogo cha udongo kando ya jiko, lakini hata ungeingia umefumba macho ungeipata chumvi. Magunia yalikaa juu ya chaga ya miti, hayakugusa sakafu wala ukuta; ya zamani mbele, mapya nyuma.

Mwaka ule mvua iliyakuta mahindi yetu shambani, tukayavuna na unyevu wake. Kisha bati likavuja. Ilipofika Februari, wakati ambao hapa kwetu magunia huwa yamelegea na mahindi mapya bado ni majani, tulifungua gunia moja likatoa harufu ya godoro lililolowa. Tukalimwaga juu ya turubai, tukaanza kuchambua. Punje nyeusi na zenye ukungu wa kijani tulizitenga. Zilikuwa karibu nusu.

Tukiwa bado tumeinama, akaingia jirani yetu, Mama Elia. Mume wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta vibarua upande wa Hanang, na habari zake zilikuwa hazijafika.

"Mke wa Safari, unachagua mahindi kama unachagua mchumba!"

"Mchumba nilichagua haraka, ndiyo maana sasa nachambua," nikamjibu. Tukacheka, hata mama mkwe.

Kisha akasogea, macho yake yakiwa kwenye lile rundo baya. "Mama Safari, hayo mnayatupa? Nigawieni basi. Ya kuku."

"Hayo sitoi," mama mkwe akasema. Akainuka, akaingia stoo, akatoka na debe limejaa mahindi mazuri. "Wape kuku wako haya."

Mama Elia alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Akajitwika debe, akaondoka bila kuaga.

Mwanangu, nilikasirika. Nilikuwa na mimba ya kaka yako, na debe lile nilishalihesabu kuwa langu. "Mama, kuku wanapewa mazuri, sisi tutakula nini mwezi wa tatu?"

"Tutakula njaa," akasema. "Njaa hubisha hodi, unaiona ikija. Sumu iliyomo humu haibishi." Akanipa jembe. Tukachimba shimo nyuma ya choo, tukamwaga yale mabaya, tukayachanganya na majivu na mbolea ya ng'ombe ili asiwepo wa kuyafukua.

Mimi bado nanung'unika. "Wazee walisema akiba haiozi."

Akaacha kufukia. "Waliosema hivyo bati lao halikuvuja. Hebu nijibu, Mama Elia ana kuku wangapi?"

Ndipo nikakumbuka. Kideri kilikuwa kimepita mtaani kwetu kabla ya Krismasi. Hakikuacha hata jogoo mmoja. Tangu hapo asubuhi zilikuja kimya.

"Mtu asiye na kuku akikuomba chakula cha kuku," akasema, "usimtazame usoni. Mpe chakula cha watu."

Nikaona haya. Nilidhani somo limeishia pale, na kama lingeishia pale nisingekuwa nakusumbua leo.

Muda haukupita mrefu, mtoto mdogo wa Mama Elia, Neema, akaanza kutapika. Macho yakawa manjano kama kiini cha yai, tumbo likajaa. Walimkimbiza hospitali, wakamhangaikia kwa kila walichokuwa nacho. Tulimzika siku ya mvua, kwenye kaburi fupi ambalo wanaume walilimaliza kuchimba upesi mno.

Msibani ndipo tukajua. Kabla hajaja kwetu, Mama Elia alikuwa ameomba nyumba nyingine, nao kwa moyo mweupe kabisa wakampa mahindi ya kuku. Aliyaosha, akayaanika. Na lile debe letu zuri alilichanganya humo humo, ili yote yafike mbali.

Siku ile tulikuwa tunasugua masufuria ya msiba, mimi na mama mkwe. Alisugua sufuria moja mpaka nikamnyang'anya. Akasema, "Nilimsitiri aibu. Ningemwambia tu, mwenzangu, haya yanaua. Maneno matatu. Nikaogopa kumfedhehesha."

Baada ya hapo alitembea nyumba kwa nyumba, kutoka kwetu mpaka Sigino, punje moja nyeusi mkononi, akieleza. Wengine walimcheka. Alieleza tena.

Basi, mwanangu, makopo yako ni mazuri, yaache yalivyo. Ila kabla ya kopo kuna kazi. Ukinunua mahindi sokoni, weka konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Inua gunia kutoka sakafuni. Mapya yasimwagwe juu ya ya zamani. Na mabaya yasilale nyumba moja na mazuri, hata usiku mmoja, kwa sababu mkono wa mtu mwenye haraka hauchagui. Sumu ile haifi kwa maji wala kwa moto wa jikoni, na kuku nao inawaua. Usiyauze, usiyapikie pombe, usimpe mtu. Yafukie na majivu.

Wanasema mficha uchi hazai. Lakini mwenye njaa atauficha tu, ndivyo tulivyo. Kwa hiyo akija mtu mlangoni kwako kuomba cha kuku, mpe cha watu kama unacho. Na kama huna, mpe maneno. Mweleze polepole, kama ninavyokueleza wewe, hata kama wageni wako sebuleni.

Kile kiroba kitoe leo. Nitakuja na jembe, tutachimba wote wawili. Kazi si kubwa.

Mungu aibariki stoo yako, mwanangu. Ajaze chaga zako, akaushe nafaka yako, na kila mtoto atakayekula mezani kwako ainuke salama. Na siku utakapotakiwa kusema, akufungue mdomo mapema.